Picha Moja, Kifungu Kimoja: Jinsi ya Kupinga Sheria Kandamizi kwa Sanaa Ukiwa Kilosa au Mikumi

Kama unataka kuchora ili kupinga sheria inayomnyima mwanamke haki yake, usianze na brashi. Anza na kifungu. Kila Machi 8 mabango mengi yanasema "Mwanamke anaweza". Ni kweli anaweza, lakini diwani akilisoma bango hilo hana la kufanya kesho yake asubuhi. Picha inayobana ni ile inayosema sheria ipi, inamuumiza nani, na nani anatakiwa kuibadilisha.

Nikupe kifungu cha kuanzia, maana sioni kingine kinachostahili rangi zako zaidi yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 13, inaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15. Mvulana lazima afikishe 18. Kifungu cha 17 kinaweka ridhaa ya msichana huyo mikononi mwa mzazi au mlezi. Kwa ruhusa ya mahakama, hata miaka 14 inawezekana.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipeleka vifungu hivyo Mahakama Kuu, na Julai 2016 akashinda: mahakama ilisema vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja ukapita tena bila sheria kuguswa.

Shika tarehe hizo kichwani. Mtendaji akikuuliza "nani amekutuma kupinga sheria ya nchi?", jibu lako ni tulivu: hupingi nchi, unakumbusha hukumu ya mahakama yake ya juu kabisa.

Kabla ya kununua rangi, mtafute msaidizi wa kisheria wa kata yako, yule wanayemwita paralegal. Anatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Muulize kifungu kinasomekaje leo. Sheria hubadilika, na bango lililopitwa na wakati linakuharibia jina. Mfano ni huu: hadi mwaka 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi shule ya Serikali. Novemba 24 ya mwaka huo waziri wa elimu akatangaza kwamba anaweza kurudi. Ukichora leo kana kwamba zuio bado lipo, mwalimu mkuu atakusahihisha mbele za watu, na hata lile la kweli ulilolichora halitasikilizwa.

Muulize pia swali la pili: tatizo ni sheria mbaya, au sheria nzuri isiyofuatwa? Hapa Kilosa, ambako mashamba ndiyo ugomvi wa kila msimu, jambo hili ni zito. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inafuta mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu tu ni mwanamke. Basi mama akinyang'anywa shamba Rudewa au Ulaya, usichore "Futeni sheria". Chora "Ifuateni". Ni picha nyingine, na wa kuambiwa ni mwingine: baraza la ardhi la kijiji, siyo Bunge.

Ukishajua kifungu, tafuta picha ambayo bibi asiyesoma ataielewa akiwa hatua kumi. Nitakupa tatu. Zichukue uzifanye zako.

Ya kwanza ni Kulwa na Doto. Kila mtu hapa anajua pacha. Wachore wakiwa wameshikana mikono, mvulana na msichana, kimo kimoja, sura moja, nguo za kitambaa kimoja. Juu ya kichwa cha Kulwa andika 18. Juu ya kichwa cha Doto andika 15. Hakuna maelezo mengine. Mtazamaji atauliza mwenyewe, "Kwani hawa hawakuzaliwa siku moja?" Swali likitoka mdomoni mwake, nusu ya kazi umemaliza.

Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha tundu ambalo wengi hawalijui. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Watu wengi wanadhani hapo mambo yamekwisha. Hayajaisha. Msichana aliyemaliza darasa la saba asichaguliwe, au aliyeacha shule kwa kukosa nauli na daftari, si mwanafunzi tena. Akifika miaka 15, kifungu cha 13 kinamsubiri mlangoni.

Kwa hiyo mchore msichana mmoja mara mbili. Kushoto amevaa sare, na mbele yake kuna mlango wenye kufuli. Kulia ni yeye yuleyule, siku hiyohiyo, sare imetundikwa kwenye kamba ya nguo, na mlango uko wazi. Chini andika: NIMEVUA SARE, SIJAVUA UTOTO.

Ya tatu ni ya hesabu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10 wenye umri wa miaka 20 hadi 24, takribani 3 waliolewa kabla ya kufikisha 18. Usiandike asilimia. Chora jozi kumi za viatu vyeusi vya shule zimepangwa mstari mmoja, kisha tatu zigeuze ziwe kandambili za mtu mzima. Mtoto wa darasa la nne atahesabu kwa sauti.

Sasa umbo. Shauri langu: igeuze picha yako kuwa kanga. Macho ya watu wetu yameshazoea kuisoma. Kuna pindo pembeni pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji. Pindo linafunga, mji unabeba picha, jina linasema. Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyetwaa tuzo ya Turner kule Uingereza mwaka 2017, amechora kazi nyingi kwa mpangilio huo wa kanga, na watu wasiojua neno la Kiswahili husimama kuzitazama. Wewe unao watu wanaoisoma kanga tangu wakiwa mgongoni.

Huhitaji kiwanda. Kuchapisha kanga halisi kunataka oda kubwa na pesa nyingi. Nunua kitambaa cheupe cha pamba, kile ambacho mafundi cherehani huita marekani, ukate kipande cha kama mita 1.5 kwa 1.1. Pindo lichapwe kwa kiolezo. Omba filamu ya eksirei iliyotupwa, au tumia kifuniko cha plastiki cha daftari, ukate umbo kwa wembe. Chapa kwa kipande cha sponji ya godoro, si kwa brashi. Sponji haipenyezi rangi chini ya kiolezo.

Jina liwe fupi. Maneno matano, sita, yasizidi. Herufi kubwa, mstari mmoja. Lisiwe tusi wala lawama kwa baba za watu, kwa sababu baba hao ndio unaotaka wabadilike. Lisemwe na msichana mwenyewe, kwa ile sauti ya kanga inayochoma bila kutukana: KULWA ASUBIRI, MIMI NIWAHI WAPI? Lisome kwa sauti mbele ya shangazi yako. Akiguna, limefika. Akiuliza "maana yake nini?", rudi ukaandike jingine.

Rangi ya kitambaa ni bora kuliko zote, na ukipiga pasi upande wa nyuma haitoki. Ukiikosa, rangi ya maji ya kupakia ukuta inafaa, mradi uipake nyembamba. Ikiwa nene itapasuka ukikunja. Rangi ya mafuta usiiweke kwenye kitambaa kitupu. Mafuta yatatambaa kuzunguka herufi na wiki moja baadaye jina halisomeki.

Kama pesa ya kitambaa hakuna, tumia gunia la mkonge. Uko nchi ya mkonge, Kimamba iko hapo tu. Fumua mshono, lilowanishe, livute kwenye fremu ya mbao, kisha lipake rangi nyeupe ya maji iliyochanganywa na gundi ya mbao, mara mbili. Likikauka unapata uso mgumu unaobeba rangi yoyote. Hata Tingatinga mwenyewe, Edward Saidi, hakuanza na turubai za duka la sanaa. Alianza na hadibodi na rangi za kawaida za dukani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Hujui kuchora? Basi unajua kudarizi, au mama yako anajua. Vile vitambaa vya makochi vyenye ndege, maua na maneno ya kumkaribisha mgeni ni sanaa kamili. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya mwaka 1973 nchini Chile, wanawake walishona vipande vya vitambaa juu ya magunia, wakaonyesha ndugu zao waliotoweka. Askari waliona kazi za mikono za akina mama tu, na kazi zile zikasafiri hadi nje ya nchi. Kikundi chenu cha vikoba kinakutana kila wiki. Gawaneni: kila mmoja adarizi kiatu kimoja cha ile picha ya tatu, kisha fundi aviunge vyote. Mkimaliza, watu ishirini wanaijua kesi ya Gyumi kwa sababu waliizungumza wakati wanashona.

Kwa wenzetu wafugaji, usiwapelekee brashi. Ukienda Twatwatwa, kaa na wanawake wanaotunga shanga na uwaulize wao wangelisemaje jambo hili. Rangi za shanga zina maana zake, na si wewe wa kuzipanga. Kazi itakayotoka itasikilizwa na wazee wao kuliko bango lolote kutoka mjini.

Jambo jingine linalotaka adabu. Huku kwetu sanaa ya kumfunda msichana haikuletwa na mradi. Waluguru, Wakaguru, Wazaramo na Wakwere walikuwa na mwana hiti, sanamu ndogo ya mti isiyo na mikono, nywele zimegawanywa mafungu mawili kichwani, ambayo mwali alikaa nayo. Ni umbo lenye nguvu, na najua utatamani kulitumia. Litumie kwa ruhusa. Nenda kwa bibi anayewafunda wali, mwamkie, keti chini, mweleze unachotaka kusema. Akikataa, acha. Akikubali, mwombe asimame nawe siku ya kuonyesha. Bibi huyo akisema mbele ya kijiji kwamba kufundwa si kibali cha kuozwa, hakuna mchoro wako utakaomshinda.

Sasa, pa kuweka. Ukuta ni mzuri, lakini ukuta una mwenyewe. Pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni mjomba wako. Ukuta wa saruji upake rangi ya maji. Ukuta wa udongo usiuhangaishe na rangi ya dukani, itabanduka. Tumia chokaa, mkaa uliosagwa na udongo mwekundu. Futa vumbi, nyunyizia maji, piga miraba kwa chaki ndipo ukuze mchoro wako. Fanya Juni au Julai. Ukichora Machi, masika itaondoka na kazi yako.

Mikumi kuna barabara kuu ya kwenda Iringa, na kila siku mabasi na malori yanapita. Inavutia kuweka picha pale. Kumbuka mambo mawili. Eneo la hifadhi ya barabara liko chini ya TANROADS na ndani ya hifadhi ya wanyama ni TANAPA. Huwezi kusimamisha bango bila kibali chao. Na abiria aliye kwenye mwendo anasoma maneno manne tu. Kwa barabarani, tumia pacha wawili na namba mbili, basi. Picha ya sare, inayotaka kutazamwa taratibu, ipeleke mahali watu wanaposubiri: kliniki ya mama na mtoto, kisimani, mashine ya kusaga, karibu na stendi.

Lakini pahali pa maana kuliko pote ni pale uamuzi unapofanyika. Kwa kijiji, ni mkutano mkuu. Mwombe mwenyekiti dakika kumi katika ajenda. Tundika kitambaa kabla watu hawajafika, ili wakitazame huku wanasubiri akidi itimie. Dakika zako zikifika, usihutubie. Uliza: "Doto afanyweje?" Kisha nyamaza, waache waseme.

Halafu toa ombi moja linaloandikika kwenye muhtasari. Kwa mfano, kwamba mkutano unaunga mkono miaka 18 kwa wote na unamwomba mbunge alifikishe hilo bungeni. Ombi likiingia kwenye muhtasari, lina tarehe na sahihi. Omba nakala.

Kwa siku hiyo, acha sehemu ya pindo bila kuchapwa kiolezo. Weka rangi kwenye sahani, na kila anayekubali achape dole gumba mwenyewe. Wazee wasiojua kuandika wanapenda jambo hili, na wanaume wakianza wawili watatu wengine hufuata. Majina yasiandikwe. Pindo la madole mia mbili halihitaji tafsiri likifika ofisi ya mbunge.

Na lifikishe kweli. Jimbo la Mikumi lilimchagua msanii wa rap, Joseph Haule tunayemwita Profesa Jay, kuwa mbunge mwaka 2015. Palamagamba Kabudi, aliyechaguliwa ubunge wa Kilosa mwaka 2020, amewahi kuongoza wizara ya Katiba na Sheria, na baadaye ile inayosimamia sanaa. Majimbo haya mawili yamewahi kuwa na watu wanaoelewa unachofanya. Yeyote aliye kwenye kiti leo, mpelekee kitambaa mkononi, piga picha ya kukabidhi, na bakiza kingine kama hicho nyumbani.

Usalama wako nao una mbinu zake. Kuandamana au kukusanya watu hadharani kunataka taarifa ya maandishi polisi angalau saa 48 kabla. Kwa mara ya kwanza sikushauri uandamane. Ingia kwenye shughuli ambayo tayari ina kibali: Machi 8, Siku ya Mtoto wa Afrika Juni 16, au zile siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10. Afisa maendeleo ya jamii anatafuta washiriki kila mwaka, mwendee mapema. Muone pia afisa utamaduni wa halmashauri. Ndiye atakayekuelekeza mambo ya BASATA, baraza la sanaa la taifa.

Chunga rangi. Kijani na njano zikikaa pamoja, nusu ya watu wataona chama, na nusu nyingine watakasirika. Vivyo hivyo nyekundu, buluu na nyeupe. Tumia rangi za kanga za zamani: nyeusi, nyekundu iliyoiva, nyeupe. Bendera na nembo ya taifa usizichore. Zina sheria yake, na huna haja ya kesi ya pili.

Mtandaoni, weka picha na uandike kifungu, tarehe ya hukumu na jina la mahakama. Usiongeze namba uliyoisikia tu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na wanaotaka kukunyamazisha watatafuta kosa dogo kuliko hoja kubwa.

La mwisho kwa usalama ni la kwanza kwa uzito: usichore sura ya msichana halisi. Usitumie picha yake, jina lake wala jina la kitongoji chake, hata kama amekuruhusu. Ana miaka 15, na ataishi hapo miaka mingi baada ya maonyesho yako. Buni sura. Na wakati unachora, wasichana watakuja kukaa karibu nawe, na mmoja atakuambia kwamba posa yake imeshapokelewa. Hapo weka brashi chini. Piga 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto, au nenda naye kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Mchoro utasubiri.

Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Kesho muulize mtendaji tarehe ya unaofuata, kisha hesabu wiki tatu kurudi nyuma. Siku hiyo nenda ukanunue kitambaa.